Maumivu Yasiyoua: Kumuuguza Mwenza na Historia ya Tiba Bugembe

Nyumbani kwetu Bugembe, juu ya kabati la wazazi wangu, kuna madaftari sita ya shule. Baba, ambaye ni fundi seremala, alianza kuyaandika Agosti 2013, mwaka mmoja baada ya Mama kuanza kuumwa. Kila siku ina mstari mmoja au miwili kwa Kisoga, kwa penseli ileile anayowekea alama mbao. Natafsiri michache: "Leo mvua. Hakuamka hadi saa tano." "Ameosha vyombo mwenyewe." "Vidole vinamuuma. Sikumshika mkono." "Dawa, shilingi 18,000. Hakuna tofauti."

Nilipokuwa mwaka wa pili, mhadhiri wetu alitutaka kila mmoja alete darasani chanzo kimoja cha historia kutoka nyumbani kwao. Wenzangu walileta picha za harusi, barua za zamani na hati za mashamba. Mimi nilileta daftari la kwanza la Baba. Mwenzangu mmoja alilipitia, akaniuliza, "Sasa hii ni historia ya nini?" Sikuwa na jibu. Insha hii ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Hoja yangu ni kwamba historia ya tiba katika Uganda, na hasa huku kwetu mashariki, imeandikwa kwa kufuata vifo. Ugonjwa unaoua watu wengi huhesabiwa, hujengewa hospitali, hutungiwa sheria na kuacha nyaraka. Maumivu yasiyoua hayakupata hayo yote. Yaliachwa ndani ya nyumba, mikononi mwa mume au mke wa mgonjwa. Kwa hiyo anayetaka kuandika historia yake hana budi kuanzia kwenye ndoa.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Bugembe iko kilomita chache mashariki mwa mji wa Jinja, kando ya barabara kuu iendayo Iganga na kuendelea hadi Tororo na Mbale. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Ufalme wa Busoga pamoja na kanisa kuu la Kianglikana la dayosisi ya Busoga. Tangu 2020 ni sehemu ya Jiji la Jinja. Wenyeji wake wengi ni watu wa kazi za mikono: mafundi, wachuuzi, madereva wa bodaboda, na wafanyakazi wa viwanda vya Jinja na wa mashamba ya miwa ya Kakira. Ni watu ambao mwili wao ndio mtaji wao. Mwili ukigoma, nyumba nzima husimama.

Tukirudi nyuma hadi mwanzo wa karne ya 20, jambo la kwanza tunalokutana nalo katika historia ya tiba ya Busoga ni malale. Ugonjwa huu unaoenezwa na mbung'o ulilipuka hapa mnamo 1900, na katika miaka 20 iliyofuata uliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga, visiwani na kwenye mwambao wa ziwa. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka ufukweni. Tuna ramani, ripoti na barua za magavana kuhusu tukio hilo, kwa sababu vifo vilikuwa vingi mno kufumbiwa macho.

Baada ya malale ukaja ukoma. Mwaka 1934 masista Wafransisko wa Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland, walianzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma huko Buluba, ambako leo ni wilaya ya Mayuge. Ukoma hauui haraka, lakini unaonekana kwa macho, na watu waliuogopa. Jambo moja kuhusu ukoma limenifikirisha sana. Bakteria wake huharibu neva, mgonjwa akapoteza hisia, akaungua au kujikata bila kujua. Yaani yeye anaumia kwa sababu hasikii maumivu. Mama yangu yuko upande wa pili kabisa: mwili wake hauna jeraha, lakini anasikia maumivu. Wa kwanza alijengewa hospitali. Wa pili huambiwa aende nyumbani akapumzike.

Ugonjwa wa tatu ni UKIMWI, na hapa ndipo mwenza anapoonekana katika historia yetu kwa jina. Mwaka 1986 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia aliyefanya kazi Mulago, alipata habari kwamba mume wake Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, alikuwa mahututi. Alisafiri kwenda kumuuguza, kisha wakarudi nyumbani. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo Kaleeba na wenzake 15, wengi wao wakiwa wenyewe wanaishi na virusi, walianzisha shirika la TASO. Baadaye TASO ilifungua vituo katika miji mbalimbali, Jinja na Mbale ikiwemo, na wahudumu wake wakawa wanawafuata wagonjwa hadi nyumbani.

Nasisitiza asili ya shirika hilo. Lilitokana na mwanamke aliyekaa kando ya kitanda cha mumewe, akaona kwamba ujuzi wake wa hospitali haukutosha, na kwamba unyanyapaa ulikuwa unamuumiza mgonjwa pamoja na anayemuuguza. Uuguzi wa ndani ya ndoa ukawa chanzo cha taasisi ya kitaifa. Hata hivyo, kilichoufanya uonekane ni kifo.

Hatua iliyofuata ilihusu maumivu yenyewe. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, daktari Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Singapore na katika hospisi ya Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Alileta njia rahisi ya kutengeneza mofini ya kunywa: unga wa mofini, maji na kihifadhi, vikichanganywa na kutiwa rangi ili nguvu za dawa zitambulike kwa macho. Dawa hiyo ya bei nafuu ilimwezesha mgonjwa wa saratani kulala usiku akiwa kwake. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini, jambo lililokuwa geni kabisa barani Afrika. Mwaka 2005 huduma ya hospisi ilianza Jinja pia, kwa jina la Rays of Hope, ikiwahudumia wagonjwa wa Busoga majumbani mwao.

Haya ni mafanikio makubwa, na Uganda hutajwa mara kwa mara kama mfano kwa nchi nyingine za Afrika katika huduma shufaa. Sina nia ya kuyadharau. Lakini huduma hiyo ilijengwa kwa ajili ya saratani na UKIMWI, yaani kwa ajili ya mtu ambaye safari yake inakaribia mwisho. Mama hakuwa mtu huyo. Tena, kama tulivyokuja kujua baadaye, mofini haifai kwa ugonjwa wake. Miongozo ya kitabibu inashauri isitumiwe, kwa kuwa haiondoi maumivu ya aina hiyo na inaweza kuleta madhara mapya. Dawa iliyoipa nchi yetu sifa ilipita mbele ya mlango wetu, na hata kama ingeingia ndani isingetusaidia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa fibromayalgia. Una historia ya kuhangaika kutafuta jina, na hangaiko hilo linaeleza mengi kuhusu yaliyotupata sisi. Mwaka 1904 daktari Mwingereza William Gowers aliyaita maumivu ya misuli yasiyo na chanzo kinachoonekana kwa neno lenye maana ya uvimbe wa nyuzi za mwili. Uvimbe huo haukupatikana. Mwaka 1976 jina lilibadilishwa kuwa fibromayalgia, yaani maumivu ya nyuzi na misuli. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kiliweka vigezo: mgonjwa abonyezwe sehemu 18 za mwili, na akiumwa katika sehemu 11 au zaidi, pamoja na kuwa na maumivu ya mwili mzima kwa miezi mitatu, basi anao ugonjwa huo. Mwaka 2010 vigezo vipya viliacha hesabu hiyo ya kubonyeza, vikaangalia pia uchovu, usingizi usioburudisha na ugumu wa kufikiri. Hatimaye, katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoidhinishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, maumivu sugu yalipewa nafasi yake yenyewe kama ugonjwa, badala ya kuwa dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Wataalamu wengi leo wanaeleza kwamba tatizo liko katika namna ubongo na uti wa mgongo unavyoshughulikia taarifa za maumivu. Ni kama redio ambayo sauti yake imefunguliwa hadi mwisho na kitufe kimekwama. Mguso mdogo husikika kama pigo. Vipimo vya damu na picha za eksirei havionyeshi kitu. Inakadiriwa kwamba watu wawili au watatu katika kila mia wanao, na wengi wanaotambuliwa ni wanawake.

Sasa fikiria historia hiyo ikitafsiriwa kuwa maisha ya nyumba moja ya Bugembe. Kati ya 2012 na 2019 Mama alitibiwa malaria mara nyingi nisizoweza kuhesabu, taifodi mara nne, na vidonda vya tumbo mara mbili. Daftari la pili linaonyesha hayo yote pamoja na gharama zake. Pale vipimo vilipokuwa safi, aliambiwa hana kitu. Neno hilo, "hana kitu", Baba ameliandika mara 11. Nililihesabu kwa sababu lilikuwa linanikera.

Mwaka 2019 jamaa yetu mmoja alitusaidia kufika Kampala kwa daktari bingwa wa viungo. Nilikuwa nao, nikiwa likizo. Daktari alimsikiliza Mama kwa muda mrefu, akambonyeza hapa na pale, kisha akataja jina la ugonjwa na kulifafanua. Baba aliuliza swali moja tu: "Je, unaua?" Daktari akajibu, "Hapana, hauui." Baba alishusha pumzi akatabasamu. Mama akaanza kulia. Wakati huo nilidhani analia kwa furaha. Siku nyingine aliniambia alichokuwa anakiwaza: kama hauui, basi nitakuwa nao mpaka lini? Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Baba alisikia habari njema, Mama akasikia idadi ya miaka.

Tangu hapo madaftari yanabadilika. Yale ya mwanzo ni ya mtu anayetafuta adui. Yanayofuata ni ya mtu anayejifunza kuishi na mgeni asiyeondoka. Nataja mambo matatu ambayo naamini ni ya kihistoria, kwa maana kwamba yanaonyesha jinsi kaida za jamii zinavyobadilika ndani ya nyumba moja bila amri ya mtu yeyote.

La kwanza ni kupiga magoti. Busoga, kama Buganda, mwanamke huwasalimu wakubwa akiwa amepiga magoti. Ni heshima, na mama yangu aliijua tangu utotoni. Lakini magoti yake yalifika mahali ambapo kushuka yalikubali, kuinuka yakakataa. Kwenye matanga ya 2020 alibaki chini hadi watu wawili wakamnyanyua. Baba aliporudi nyumbani alitengeneza kigoda kifupi cha mvule. Katika kikao cha ukoo kilichofuata alikibeba mwenyewe, akakiweka mbele ya wazee, akasema mke wake atasalimia akiwa ameketi. Shangazi alinung'unika kwamba sasa wake wataketi wote. Babu alikaa kimya kidogo, kisha akaitikia salamu ya Mama. Tangu siku hiyo kigoda hicho huenda nao kila sherehe, na wanawake wawili wazee wa ukoo wameshakiazima.

La pili ni kazi za nyumbani. Baba alianza kuchota maji, kumenya viazi vitamu na kufua. Mtaani walisema Mama amemlisha limbwata. Fundi mwenzake alimcheka kazini. Baba hakujibu kwa maneno. Aliinua jiko: alitengeneza meza ya kuwekea sigiri ili mtu apike amesimama, kwa kuwa kuinama ndiko kulikomwangusha Mama. Baadaye fundi yuleyule aliyemcheka alikuja kuomba vipimo vya meza ile kwa ajili ya mama yake mzazi.

La tatu lilikuwa gumu zaidi, na ndilo ambalo wengi wanaouguza wenza wao hukosea. Mwanzoni Baba alimfanyia Mama kila kitu. Alimkataza hata kufagia. Daftari la nne linaonyesha matokeo yake: siku za kulala ziliongezeka. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mazoezi mepesi ya kila siku ndiyo tiba yenye ushahidi bora kuliko zote, na ni kweli kwamba miongozo ya madaktari wa viungo wa Ulaya ya 2017 iliyapa mazoezi pendekezo lenye nguvu kuliko dawa yoyote. Baba hakuliamini jambo hilo mara moja. Utamtembezaje mtu anayelia kwa maumivu? Lakini walianza: kutoka mlangoni hadi barabarani, wiki mbili baadaye hadi dukani, na baada ya miezi kadhaa hadi kwenye kanisa kuu na kurudi, jioni jua likishapoa. Mama anatumia pia amitriptilini kidogo usiku, dawa ya siku nyingi inayomsaidia kupata usingizi. Hajapona. Siku mbaya bado zipo. Ila katika daftari la sita, siku ambazo ametembea ni nyingi kuliko siku ambazo hakuamka.

Ilimbidi Baba ajifunze kukaa pembeni akimwangalia mkewe anafagia polepole, mikono yake mwenyewe ikiwa haina kazi. Kwa Kiganda mtu anayemhudumia mgonjwa huitwa omujjanjabi, na hospitali zetu zote zinamtegemea kupika, kufua na kumwogesha mgonjwa wake wodini. Kazi yake hupimwa kwa yale anayoyafanya. Anayemuuguza mwenza mwenye maumivu sugu ana kazi nyingine juu ya hizo: kujua lini aache kufanya. Kazi hiyo haina mshahara, haina cheti, na haiingii katika ripoti ya wizara.

Kama mwanafunzi wa historia, sina budi pia kukikosoa chanzo changu. Nilitafuta katika madaftari yote sita mahali ambapo Baba anajitaja mwenyewe. Sikupata hata mstari mmoja. Najua kwamba 2016 aliuza pikipiki yake kwa ajili ya matibabu. Daftari limeandika bei ya pikipiki na dawa zilizonunuliwa, basi. Najua kwamba kuna usiku alitoka nje akakaa kwenye mbao hadi alfajiri, kwa sababu nilimwona dirishani. Tarehe hiyo katika daftari imeandikwa: "Usiku mbaya." Usiku wa nani, hakusema. Historia iliyoandikwa na anayeuguza humficha anayeuguza.

Tena humficha anayeuguzwa, na hilo sikuligundua mimi. Likizo iliyopita nilimsomea Mama daftari la kwanza. Hakuwa amewahi kulisoma. Alisema yalikuwa mambo ya Baba na mbao zake. Nilipofika kwenye ule mstari, "Leo mvua. Hakuamka hadi saa tano", alinikatiza. "Siku hiyo haikuwa mvua wala viungo," akasema. "Tuligombana usiku, nikamnunia." Baba, aliyekuwa nje akipiga randa, alisikia akacheka hadi akaacha kazi.

Nilicheka pia, lakini baadaye nilifikiri. Kwa miaka zaidi ya kumi nyumba nzima ilikuwa imemsoma Mama kama mgonjwa, hata asubuhi alipokuwa mke aliyekasirika tu. Chanzo changu kilikuwa na shahidi mmoja wakati walikuwa wawili.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwenzangu darasani ni hili. Daftari la Baba ni historia ya tiba Bugembe katika sehemu ile ambayo kumbukumbu za serikali hazikuifikia. Tunazo nyaraka za malale, za Buluba, za TASO na za mofini, na tuzisome kwa shukrani. Lakini katika nyumba nyingi za barabara hii ya Jinja hadi Mbale kuna mume au mke anayemwangalia mwenzake akiumwa na ugonjwa usioua, na baadhi yao wanaandika, au wanakumbuka, au wako tayari kuulizwa. Sisi tunaosoma historia kwa Kiswahili, lugha inayoweza kutuvusha kutoka kwa Msoga hadi kwa Mgisu na Mteso, tunaweza kuwauliza kabla hawajazeeka. Tuwaulize wote wawili.

Nimeshaanza na wangu. Daftari la saba liko mezani, na safari hii kila ukurasa una safu mbili. Mama analalamika kwamba ya Baba nimeifanya pana kuliko yake.